Kidonda cha mguu kwa mgonjwa wa sukari: kagua hivi kabla hujauliza "niweke dawa gani"

Kila wiki napata picha. Mguu uko juu ya shuka la wodi, kidonda kimepakwa GV (ile dawa ya zambarau) mpaka hakionekani, chini yake ujumbe mmoja: "Sista, niweke dawa gani hapa?" Sijui kidonda kina ukubwa gani, sijui mguu una mapigo, sijui kama mgonjwa ana homa, sijui anavaa kiatu gani, yani hapo hata ningekuwa profesa ningebahatisha tu. Dawa ya kupaka ndo swali la mwisho kabisa kwenye hii shughuli. Miguu haikatwi kwa sababu watu walikosa dawa ya kupaka, inakatwa kwa sababu mtu aliendelea kukanyagia kidonda ambacho hakimuumi, au damu haifiki, au usaha ulikuwa unatembea ndani huku juu tunabadilisha bendeji safi kila asubuhi.

Kwahiyo nimeandika hapa moja kwa moja. Ni kwa ajili yako wewe nesi au tabibu uliyepangiwa kliniki ya sukari kwenye zahanati au kituo cha afya, huna dopla (kifaa cha kusikilizia damu inavyopita kwenye mishipa), daktari wa mishipa yuko mkoa mwingine. Na wewe unayemuuguza mzazi nyumbani, hatua za kuangalia na kugusa zifanye tu, ila wembe na kuchokonoa waachie wahudumu.

Nadharia fupi, ndo hii basi: sukari ikikaa juu miaka mingi inaua mishipa ya fahamu ya miguu, ganzi inaingia, mtu anaumia bila kujua. Pia inaziba mishipa ya damu, kidonda kinakosa chakula. Kati ya watu 10 wenye sukari wanaokatwa mguu, zaidi ya 8 walianza na kidonda. Kidonda hicho ndo nafasi yetu.

Uwe na nini kabla hujaanza

- Mwanga wa kutosha, hata tochi ya simu, na kiti au kitanda mgonjwa aweke miguu yote miwili juu
- Glavu, gozi, maji ya chumvi ya drip (yakikosekana, maji yaliyochemshwa yakapoa)
- Uzi wa nailoni wa kupima hisia, ule wa gramu 10. Kama huna, usijali, kidole chako kinatosha, nitaeleza
- Rula ndogo au karatasi yenye sentimita
- Kijiti cha chuma chenye ncha butu kilichopita kwenye otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke)
- Bledi mpya na forsepsi, kama umefundishwa kuzitumia
- Kipimajoto, saa yenye sekunde, glukometa (kipimo cha sukari)
- Kadi ya mgonjwa, kalamu, na simu ya kupiga picha (muombe ruhusa kwanza, mguu ni wake)

Hatua

1. Vua viatu vyote viwili, na kiatu nacho kikague.
Sio mguu wenye kidonda peke yake, yote miwili, na soksi. Halafu ingiza mkono ndani ya kiatu upapase mpaka kwenye ncha. Mimi nilishawahi kuhangaika na kidonda cha mzee mmoja wiki tatu nzima, nasafisha, nafunga, anarudi vile vile, siku moja kiatu kikaanguka kwenye sakafu nikasikia kitu kinalia ndani, kukung'uta ikatoka sarafu ya shilingi 50. Alikuwa anaikanyaga muda wote huo na hajui. Kosa lilikuwa langu, nilikuwa naangalia mguu tu. Utakuta misumari iliyotoboa soli, mawe, mishono ya ndani ya viatu vya mitumba iliyochanika. Kandambili nazo usizidharau: mkanda unachubua katikati ya vidole, na mguu wenye ganzi unatoka nje ya kandambili mtu akaenda bila kujua imebaki nyuma.

2. Uliza, lakini uliza vitu vyenye faida.
Kilianzaje, lini, umepaka nini, ulishawahi kupata kidonda kingine au kukatwa kidole, unavuta sigara, ukitembea shavu la mguu linabana mpaka usimame? Hilo la mwisho ni dalili ya damu kutofika. Kwenye "kilianzaje" kuwa mvumilivu maana wengi watakwambia kimetokea tu chenyewe. Wataje vitu kwa majina: ekzosti ya bodaboda, jiko la mkaa, maji ya moto ya kukanda, funza, wembe wa kukatia kucha, lami au sakafu ya moto mchana. Na panya. Ndio, panya. Hii sio hadithi ya kijiweni, Dar es Salaam Dk. Zulfiqarali Abbas na wenzake wameandika kitaalamu kuhusu wagonjwa wa sukari waliong'atwa miguu na panya usiku wamelala, wakaamka asubuhi wanaona damu kwenye shuka. Mtu akikwambia "nimeamka nimekuta hivi" usimcheke, muulize kama chumbani kuna panya.

Muulize kwa adabu pia kama ameshaenda kwa mganga. Wengi wanaambiwa wamekanyaga kitu walichotegewa, ndo maana mguu unaoza bila kuuma, na ukimkaripia hapo umempoteza.

3. Mwangalie mtu kabla ya mguu.
Pima joto, mapigo ya moyo, pumzi na sukari. Joto juu ya 38 au chini ya 36, mapigo zaidi ya 90 kwa dakika, pumzi zaidi ya 20 kwa dakika: ukipata mawili kati ya hayo na mguu una dalili za maambukizi, maambukizi yameshaingia mwilini. Usiendelee na rula. Anza antibayotiki ya sindano na drip kama mwongozo wa matibabu wa taifa unavyosema, andika rufaa, aondoke leo hii. Ila kutokuwa na homa sio usalama, hawa wagonjwa wanaweza kuwa na usaha mwingi ndani na joto liko sawa kabisa.

4. Pima ganzi.
Ukiwa na uzi: mguse kwanza mkononi ajue unavyosikika, kisha afumbe macho. Gusa chini ya kidole gumba, chini ya mzizi wa kidole gumba na chini ya mzizi wa kidole cha mwisho. Bonyeza mpaka uzi upinde, kama sekunde 2, uachie. Usiweke juu ya sugu wala juu ya kidonda. Kila sehemu mara tatu, moja kati ya hizo unajifanya unagusa kumbe hugusi. Uzi nao unachoka, ukipima wagonjwa 10 mfululizo upumzishe mpaka kesho.

Huna uzi: tumia ncha ya kidole chako cha shahada. Gusa taratibu sana, bila kubonyeza, sekunde 1 mpaka 2, kwenye ncha ya kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu. Jumla sehemu 6. Mgonjwa kafumba macho, akisikia aseme "kulia" au "kushoto". Akikosa 2 au zaidi, ganzi ipo.

Kosa linalofanywa kila siku: kuuliza "unasikia hapa?" huku unagusa. Wazee wetu wana heshima, atakujibu "ndio mwanangu" hata kama hasikii kitu. Kaa kimya, aseme mwenyewe.

5. Tafuta mapigo ya mguu.
Sehemu mbili: juu ya mguu, pembeni kidogo ya msuli unaonyanyuka akiinua kidole gumba, na nyuma ya kifundo cha ndani. Tumia ncha za vidole viwili au vitatu, usitumie gumba maana utajihesabia mapigo yako mwenyewe. Mpe kila sehemu kama nusu dakika. Mguu ukiwa umevimba bonyeza taratibu kusukuma uvimbe pembeni.

Mguu wa moto haimaanishi damu inafika vizuri, ganzi inaweza kuufanya mguu uwe na joto huku mishipa imeziba. Ukikosa mapigo yote mawili andika "hayapatikani", usiandike "dhaifu" ili kujifariji, maana hilo neno moja ndo litakaloamua kama anaenda rufaa.

6. Safisha, ondoa sugu, ndo upime.
Toa GV, unga wa kapsuli za rangi mbili, asali, majani, dawa ya meno, chochote kilichopo. Osha kwa maji ya chumvi. Kwenye unyayo mara nyingi utakuta sugu gumu limefunika, juu kuna kitundu kama punje ya mtama, na ukilikata hilo sugu ndo unakuta kidonda chenyewe ni kikubwa kama sarafu. Ukipima kabla ya kukata sugu umepima kifuniko. Kama hujafundishwa bledi usijaribu, na kama mapigo hayapo au kidole kimekauka cheusi kama mkaa usikate wala usiloweke, kiache kikavu, funika, rufaa.

Pima urefu ule mrefu zaidi, kisha upana unaokatiza huo urefu, zidisha. Sentimita 2 kwa 1.5 ni sentimita 3 za mraba. Piga picha na rula pembeni na tarehe kwenye karatasi, umbali ule ule kila mara.

7. Chokonoa chini ya kidonda.
Kile kijiti cha chuma, kiingize polepole bila nguvu. Ukigonga kitu kigumu, kinachokwaruza kama unagonga kikombe cha udongo kwa kijiko, huo ni mfupa, na kwenye kidonda chenye maambukizi chukulia mfupa umeshaingiliwa mpaka ithibitike vingine. Mara ya kwanza kukisikia nilitoa mkono haraka nikadhani nimevunja kitu. Mama wa watu amekaa anapiga stori za mjukuu wake, mimi niko kwenye mfupa wa kidole chake. Eksirei inahitajika hapo, lakini wiki 2 au 3 za mwanzo inaweza kutoka safi, kwahiyo eksirei safi isikutulize, irudiwe.

8. Amua kama kuna maambukizi.
Unahitaji angalau 2 kati ya hizi: kuvimba au kukakamaa, wekundu unaozidi nusu sentimita kuzunguka kidonda, maumivu ukigusa, joto, usaha. Kwenye ngozi zetu wekundu usiutafute kama ulivyo kwenye picha za vitabu vya wazungu, utaona ngozi imekuwa nyeusi zaidi au ya zambarau, inang'aa, imekaza. Weka mgongo wa kiganja chako, linganisha na mguu wa pili.

- Ambukizi dogo: limeishia kwenye ngozi, wekundu hauzidi sentimita 2. Antibayotiki ya kunywa wiki 1 mpaka 2, arudi baada ya siku 2 au 3.
- La kati: wekundu umefika sentimita 2 au zaidi, au umeingia kwenye misuli, kano, mfupa. Rufaa.
- Kubwa: zile dalili za hatua ya 3. Rufaa, leo.

Hakuna dalili 2? Basi usimpe antibayotiki. Najua inauma kumrudisha mtu mikono mitupu, lakini antibayotiki haizibi kidonda kisicho na maambukizi, inafundisha wadudu ujanja tu. Na ule mtindo wa kupitisha pamba juu ya kidonda upeleke maabara uache, utapata wadudu wa ngozi. Kama sampuli inahitajika ichukuliwe nyama ya chini, baada ya kusafisha.

9. Toa alama, ili mwenzako wa hospitali ya rufaa akuelewe kwenye simu.
Inaitwa SINBAD, vitu sita, kila kimoja 0 au 1. Kidonda kiko katikati au nyuma ya mguu: 1. Damu haifiki vizuri: 1. Ganzi: 1. Maambukizi: 1. Ukubwa sentimita 1 ya mraba au zaidi: 1. Kimeingia kwenye misuli, kano au zaidi: 1. Ikifika 3 kwenda juu kidonda hicho kitasumbua, usikae nacho peke yako. Ukipiga simu ukasema "SINBAD 4, mapigo hayapo, kijiti kimegonga mfupa" watakusikiliza tofauti na ukisema "kuna kidonda kibaya hapa". Wengine bado wanatumia Wagner, mfumo mwingine wa alama, ya 0 mpaka 5, sio mbaya, ila haikwambii kuhusu ganzi, na kuhusu damu inakwambia nyama ikishaoza.

10. Nani anaondoka leo.
Homa na maambukizi, usaha wa ndani, nyama nyeusi iliyolowa na kunuka, ukibonyeza ngozi inalia kama chumvi kwenye moto, mguu wa baridi wenye maumivu makali hata amelala, mapigo hayapo na kuna maambukizi. Hawa wote ni leo, sio "njoo Jumatatu kliniki". Wenye mfupa unaogongeka au wasio na mapigo lakini wametulia, ndani ya siku moja mbili. Mwandikie ndugu kwenye karatasi aende wapi, aulizie nani, na piga simu kabla hajaondoka.

11. Ondoa uzito. Hii ndo dawa.
Kama ningeruhusiwa kukupa hatua moja tu kati ya zote ningekupa hii. Kidonda cha unyayo chenye damu ya kutosha kinapona mtu akiacha kukikanyagia, hata dresingi iwe gozi na maji ya chumvi. Bora kabisa ni plasta ya P.O.P. (ile ngumu ya kufungia mfupa uliovunjika) inayofika chini ya goti, isiyovuliwa, ikifungwa na anayeijua. Dk. Paul Brand, daktari wa upasuaji, aliitumia sana kwa wagonjwa wa ukoma, ganzi ile ile, vidonda vile vile. Haifungwi kwenye maambukizi makubwa wala mguu usio na damu. Isipowezekana, kiatu cha kuondoa uzito, felti au sponji nene ikatwe kuacha nafasi ya kidonda, magongo. Kidonda cha kisigino: mto chini ya shavu la mguu, kisigino kining'inie hewani. Viatu maalum na soli hutengenezwa na mafundi wa viungo bandia, Moshi kuna chuo chao, TATCOT, na wahitimu wake wako hospitali nyingi, waulizie.

Halafu muulize: umekujaje, na unarudije? Unaweza kumfunga vizuri, akatoka hapo akatembea kilomita mbili mpaka stendi, akasimama kwenye daladala saa nzima. Umemaliza gozi bure. Bora aje mara moja kwa wiki na bajaji, siku nyingine ndugu abadilishe nyumbani ukishamuelekeza.

12. Funga, panga siku ya kurudi.
Sasa ndo tumefika kwenye dawa yako ya kupaka. Kitu kinachoweka unyevu kiasi, kisichoganda, basi. Spiriti na haidrojeni peroksaidi hapana, vinaunguza nyama mpya. Chanjo ya pepopunda iangalie. Sukari ishushwe, kama ni insulini basi insulini.

Yakienda kombo

*Wiki 4 zimepita na hakijapungua nusu.* Usibadilishe dawa ya kupaka. Rudi hatua ya 1, uanze upya: kiatu, mapigo, mfupa. Mara nyingi ni uzito, mgonjwa anavua kile kiatu akifika nyumbani kwa sababu "nyumbani sitembei sana", kumbe jikoni, chooni na kwa jirani.

*Sukari ilikuwa 9, ghafla 22, na anakula kama kawaida.* Tafuta usaha, hata kama juu kidonda kinaonekana kizuri.

*Mguu umevimba, wa moto, hauna kidonda, hauumi sana.* Kabla ya kuandika gauti, fikiria mifupa inasagika kwa sababu ya ganzi, wenyewe wanaita Charcot. Asikanyage, rufaa, eksirei ya mwanzo inaweza kuwa safi. Akiendelea kutembea unyayo unageuka kama mtumbwi.

*Maumivu usiku, akining'iniza mguu anapata nafuu.* Damu haifiki. Usimpe diklofenaki ya kutuliza maumivu ukamrudisha nyumbani.

*Wameambiwa akatwe kidole, ndugu wamekataa wamemrudisha.* Wanaogopa kuwa "wakianza kukata hawaachi". Usibishane. Waonyeshe kijiti kinavyogonga mfupa, waeleze kuwa kukata kidole leo mara nyingi ndo kunaokoa mguu, na waliokatwa mara nyingi ni wale waliochelewa cha kwanza. Mwite yule anayeamua kwenye ukoo, kaka mkubwa au mjomba, sio yule aliyemleta tu.

*Kidonda kimefunga, mgonjwa kaaga.* Hajamaliza. Katika 100 waliopona, kama 40 wanapata kingine ndani ya mwaka. Huyu aonwe kila baada ya miezi 1 mpaka 3, mwenye ganzi peke yake kila miezi 6 mpaka 12, asiye na ganzi na mwenye mapigo mara moja kwa mwaka. Nyumbani kila jioni aangalie nyayo kwa kioo kidogo au mjukuu amuangalizie, akaushe katikati ya vidole baada ya kuoga au kutawadha, maji ayapime kwa kiwiko na sio kwa mguu, kucha zikatwe zimenyooka, na wale wanaokaa mkekani wakague kifundo cha nje, pale panapogusa mkeka sugu huota na mwenyewe hajui.